Kipindi cha Tatu Kilichokwanguliwa kwa Wembe

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu rasmi, Mkuu wa shule yetu, Mwenyekiti wa bodi pamoja na wajumbe wako, walimu wenzangu, mlio kazini na mliostaafu, wazazi wetu, wanafunzi mliopewa viti vya nyuma ili msionekane mkisinzia, na wewe Mzee wetu uliyeketi hapo mbele na mke wako, mama yetu, ambaye kuanzia kesho atakuwa na mtu wa kumpangia ratiba ya jikoni kwa rula, na tunampa pole mapema: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo kumi yangu ni kumi kweli, tofauti na ya baadhi ya walionitangulia hapa, ambao ni wakubwa zangu na sitawataja.

Tunamuaga mtu aliyepanga ratiba ya shule hii kwa miaka ishirini na sita. Ninyi wageni huenda mnadhani ratiba ni karatasi tu. Sisi tunaojua, tunajua kwamba karatasi ile pale ukutani kwenye chumba cha walimu ndiyo inayoamua nani atakunywa chai na nani ataikuta imepoa. Kwenye karatasi ile hatuna majina, tuna namba. Mimi ni kumi na saba. Mzee ni moja, na tangu nimfahamu hajawahi kutuacha tusahau.

Kila muhula alikuwa anafanya hivi. Wiki mbili anaandika kwa penseli, na wiki hizo mbili ni ruhusa kumbembeleza, kumletea karanga, kumsifia koti. Halafu siku moja anatoa kalamu ya wino, anapitia kisanduku kimoja kimoja, anapuliza, anaibandika. Baada ya hapo hata Mkuu wa shule akitaka kuhamisha kipindi, jibu ni lile lile: "Wino umekauka." Ndiyo maana tunamwita Mzee wa Wino, na leo nimelisema mbele yake kwa mara ya kwanza, maana hawezi tena kunipangia vipindi viwili vya mwisho siku ya Ijumaa.

Miaka tisa iliyopita nilirudi kutoka likizo ya uzazi katikati ya muhula, na wino ulikuwa umekauka. Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na nusu. Tulijaribu maziwa ya kopo mara tatu, na mara zote tatu tulirudi naye hospitali. Daktari akanikalisha chini akaniambia bila kuzungusha kwamba mtoto huyu, kwa miezi mingine kadhaa, atakula kile tu nitakachomletea mimi. Basi nikanunua pampu ya mkono na vichupa sita, nikarudi kazini.

Sasa naomba mfanye hesabu pamoja nami. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na dakika ishirini, mtoto ametoka kunyonya. Mama anayekamua anatakiwa akamue kila baada ya saa tatu, la sivyo mwili unadhani mtoto hayupo, na unaanza kufunga mabomba. Kwa hiyo nilihitaji saa tatu na dakika ishirini, kisha saa sita na dakika ishirini. Ratiba ilikuwa imenipa nini? Mapumziko ya saa tano kasoro dakika ishirini, dakika ishirini tu. Kutoka Kidato cha Kwanza B hadi stoo ya michezo ni dakika nne ukitembea, tatu ukikimbia, na mwalimu hakimbii. Kunawa, kufungua, kufunga, kurudi. Je, zilibaki ngapi? Wanafunzi wa nyuma, mnaona sasa kwa nini nawafundisha kutoa.

Ndiyo, nilisema stoo ya michezo. Nilikuwa nakaa juu ya magodoro ya kurukia, katikati ya nyavu na mipira isiyo na upepo, kwenye chumba chenye mlango usio na komeo, nimeuegemezea kiti. Na maziwa, ndugu zangu, hayatoki kwa mtu anayesikilizia kitasa. Darasani nilifundisha aljebra nimekumbatia daftari la mahudhurio kifuani ili blauzi iliyolowa isionekane. Wanafunzi wakaona Madam analipenda mno lile daftari, na kuna kijana alijitolea kunibebea, nikamkatalia kwa ukali ambao hakustahili. Kama yuko hapa, nisamehe baba.

Wiki ya kwanza nilipeleka nyumbani vichupa vitatu. Wiki ya tatu, viwili. Wiki ya tano, kimoja na vidole viwili. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa anamlisha mtoto kwa kikombe na kijiko, na ilifika mahali nikiingia mlangoni anapokea mkoba kwanza, anauinua kupima uzito, ndipo ananisalimia. Hakuwahi kunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu.

Mlidhani sikwenda kwa Mzee? Nilikwenda mara mbili. Nilimweleza nikiangalia sakafu, maana alikuwa mtu mzima na mimi bado nina haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akasema pole mwanangu, wino umekauka, tutaona muhula ujao. Muhula ujao ulikuwa mbali kuliko umri wa mtoto. Mzee, leo ni siku ya kukusifu na nitakusifu, ila niseme na hili: kwa wiki tano nilikuchukia, na nilikuwa na haki. Kwenye mkoba wangu, chini ya pampu, kulikuwa na barua ya kuacha kazi, imeandikwa yote isipokuwa tarehe.

Vichupa nilikuwa navihifadhi kwenye friji ya maabara, kwa sababu hakukuwa na friji nyingine. Nikavibandika karatasi yenye namba yangu, kumi na saba, kama kila kitu cha mwalimu katika shule hii kinavyobandikwa namba, kuanzia kikombe hadi kiti. Siku hiyo Kidato cha Pili walikuwa na somo la vitendo, kupima vyakula. Mwalimu wetu wa biolojia, ambaye naona ameanza kujificha nyuma ya maua, alikuwa ameandaa sampuli zake tangu asubuhi akaziweka kwenye friji ile ile. Nazo alikuwa amezibandika namba. Moja hadi ishirini.

Saa saba mchana akaja chumba cha walimu, uso umempauka. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Madam, kichupa namba kumi na saba kilikuwa chako?"

Nikaelewa kabla hajamaliza. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kupita kiasi cha kukasirika, nikamuuliza matokeo yake yalikuwaje.

"Mazuri sana," akasema maskini wa Mungu, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. "Protini ipo, sukari ipo, mafuta yapo. Wanafunzi wamefurahi."

Mnacheka. Cheke­ni, hata mimi siku hizi nacheka. Siku ile niliinamisha kichwa juu ya madaftari ya kusahihisha nikalia mbele ya walimu kumi na wanne, nikalia kwa sauti, maana kile ndicho kilichokuwa kichupa pekee cha siku nzima. Kila mtu akapata kitu cha kutafuta kwenye droo yake. Ni mtu mmoja tu aliyenyanyuka, na alinyanyuka na rula yake mkononi. Akaja akasimama pembeni yangu, akaniuliza swali moja.

"Mtoto atakula nini leo?"

Kisha akaniambia niende nyumbani, sasa hivi, na vipindi vyangu vya mchana ataviangalia yeye. Nikaenda. Jioni ile mtoto alinyonya, akalia, akanyonya tena, na mimi nikaitoa ile barua nikaitia tarehe.

Asubuhi niliingia na barua mkononi, nikamkuta Mzee amesimama mbele ya ukuta anabandika ratiba. Walioshuhudia ndio walionisimulia: kwamba mchana wote ule, baada ya kushika vipindi vyangu, aliitandaza ile karatasi mezani, akatoa wembe, akaanza kukwangua wino. Ninyi vijana wa kompyuta hamjui kukwangua wino kwa wembe. Unashika pumzi. Ukikosea kidogo karatasi inatoboka, na yake ilitoboka mahali pamoja, akaiziba kwa nyuma kwa kipande cha bahasha.

Kipindi cha tatu na cha saba, siku zote tano, ilikuwa imeandikwa kumi na saba peke yake. Hakuna darasa, hakuna somo. Kidato cha Kwanza B, hisabati, kipindi cha tatu, ilikuwa imeandikwa moja. Mzee alikuwa hajaingia darasani kufundisha kwa miaka minane. Kipindi cha saba alimpa mwalimu wa biolojia, na mwalimu wa biolojia hakuthubutu kufungua mdomo. Halafu akanipa ufunguo wa ofisi yake, chumba pekee shuleni chenye komeo kwa ndani.

Nilimuuliza kwa nini. Nilitaka aseme kitu kikubwa ili nilie vizuri. Akasema tu: "Ratiba niliipanga bila kukuuliza. Kosa ni la ratiba." Akaenda zake Kidato cha Kwanza B kuwafundisha kugawanya kwa njia ya zamani, ambayo ilinichukua muhula mzima kuwasahaulisha.

Barua ile niliiloweka kwenye kikombe cha chai mpaka ikachanika. Baada ya wiki tatu vichupa vilikuwa vitatu tena. Mama mkwe akarudia kunisalimia kwanza.

Mheshimiwa Afisa Elimu, mwezi uliofuata ulikuja shuleni kwetu, ukiwa bado mkaguzi. Ulisimama mbele ya ratiba ile, ukaweka kidole kwenye kisanduku kilichokwanguliwa, ukauliza namba kumi na saba kipindi cha tatu yuko wapi. Mzee akakujibu, "Yuko kazini." Ukauliza, kazi gani? Akasema, "Ya kipindi cha tatu." Uliandika kitu kwenye daftari lako. Sijui uliandika nini, na kwa heshima zote sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekuja kuuliza tena. Kwa hilo nakushukuru hadharani, japo nimechelewa miaka tisa.

Na yule mnayemwona mstari wa tatu, anayemaliza biskuti za meza kuu akidhani mama yake haoni, ndiye aliyekuwa na kilo moja na nusu.

Sasa Mkuu wa shule, nakuomba ukae sawa kwenye kiti, maana nakuja kwako. Kuanzia kesho kazi ya ratiba mmenikabidhi mimi, na nimeipokea kwa mikono miwili. Mmenipa na kompyuta. Kompyuta ni nzuri, ina haraka, haili karanga. Ina ila moja: haivumilii kisanduku kitupu. Ikimwona mwalimu hana darasa inamtafutia darasa. Mwalimu wetu wa jiografia, namba thelathini na moja, yuko pale karibu na mlango. Jumatatu anarudi kutoka likizo, mtoto wake ana miezi minne. Wiki iliyopita alikuja kwangu, akaniuliza akiangalia sakafu kama si bora aache tu kazi. Nikaja kwako, mkubwa wangu, nawe ukaniambia kwa upole kabisa kwamba ratiba imeshachapishwa, tutaona muhula ujao. Nilitabasamu. Ulidhani nimekubali. Nilikuwa nimekumbuka tu mahali nilipoyasikia maneno hayo.

Naomba ile ratiba iletwe hapa mbele. Asanteni. Mnaiona? Visanduku hivi vyeupe kumi nimevikwangua mwenyewe jana mchana. Wino wa mashine ni mgumu, nimetoboa mara mbili. Madarasa ya mwalimu wa jiografia hayatakaa bila mwalimu: ya kipindi cha tatu nimeandika kumi na saba, na ya kipindi cha saba mwalimu wa biolojia amejitolea kabla sijamuomba, anasema deni lake bado halijaisha. Kilichobaki ni namba ya huyu mama wa jiografia.

Mzee wetu, tumekununulia kiti cha kuegemea na utakipata. Lakini kwa mujibu wa barua yako wewe ni mtumishi mpaka saa kumi jioni, na sasa ni saa tisa. Kalamu yako hii hapa, nimeitia wino. Panda, baba. Uandike thelathini na moja mara kumi, Mheshimiwa akiona na Mkuu wa shule akiona, kazi yako ya mwisho katika shule hii. Na Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini, mtu akiuliza namba thelathini na moja yuko wapi, jibu mnalijua wote.

Mheshimiwa, wazazi, walimu wenzangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Dakika zangu nane zimekwisha, zile mbili zilizobaki nampa Mzee. Naomba tukae kimya kidogo. Wino unakauka.