Chama Kinachosubiri Mtu Afe

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, Muuguzi Feliciana tunayemuaga leo anapostaafu, ndugu wanachama wa Chama cha Kuzikana mliotoka Njombe, nanyi wenyeji wetu wa Makambako: niwieni radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Tangu tulipomzika mwanachama mwenzetu Yusto kule Kifanya sikuhudhuria kikao, kwa sababu sikuwa na neno jema la kusema.

Juzi nilimwuliza Feliciana ni wagonjwa gani anaowakumbuka zaidi. Akajibu, "Mwalimu, wale wanaoletwa wamechelewa."

Yusto alijeruhiwa mguu na msumeno akipasua mbao. Kidonda kilipoanza kuoza, alikuja kikaoni kuomba fedha za matibabu. Mwenzetu mmoja akamtania, "Shemeji, chama hiki ni cha marehemu. Wewe hujafuzu bado." Tulicheka. Yusto naye alicheka. Alipofuzu, tulipeleka jeneza la mninga, ng'ombe na basi zima la waombolezaji. Mjane wake, Beatrisi, akaniambia, "Baba, basi hili lingekuja angali anaweza kuketi."

Wenzetu hufanyaje? Mjerumani hukatwa mchango katika mshahara wake akiwa mzima, na mwajiri wake huongeza sehemu yake. Mwingereza hutibiwa kwa kodi. Nchini Rwanda kila kaya huchangia kwa kadiri ya uwezo wake, na aliye fukara kabisa hulipiwa na serikali. Njia zao ni mbalimbali, lakini wote hukusanya kwa wazima ili kumtibu mgonjwa; sisi hukusanya kwa wazima ili kumpamba maiti. Tutasema ni umaskini? Fukara gani huchinja ng'ombe kila msiba?

Leo Beatrisi amelazwa katika hospitali ya Tandala, ana uvimbe tumboni, anahitaji kupasuliwa, wala hana bima. Kwa katiba yetu, zamu yake ya kusaidiwa haijafika. Jioni hii kamati itaamua mambo mawili: kama mfuko wetu umlipie upasuaji sasa, na kama kuanzia mwaka huu uwakatie wanachama wote bima ya afya.

Feliciana, umetuuguza kwa uaminifu. Pumzika kwa amani ya moyo, kama tutakuruhusu. Uamuzi ukitolewa, nitamwandikia Beatrisi kwanza, kisha nyinyi. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Aliyekusudia kuchangia jeneza la Beatrisi, na achangie leo.