Danford Nzunda, Mwenye Noah ya Kijivu

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka Isongole na Tunduma, na ninyi mliovuka mpaka kutoka Nakonde, majirani wote wa Ruanda, Bwana Yesu asifiwe, na poleni sana kwa msiba. Mimi ni Mika Enoka Nzunda, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nimesimama hapa kusoma historia yake kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo akiwa kitandani hospitali, mbele ya mke wake na mbele ya muuguzi, kwa hiyo ninyi ambao tangu niliposhika hii karatasi mmekuwa mkikonyezana, nimewaona, vumilieni kidogo, hilo jambo lenu nitalifikia.

Marehemu Danford Enoka Nzunda alizaliwa tarehe 3 Machi 1963 hapa hapa Ruanda, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Enoka Nzunda, mkulima wa kahawa, na marehemu mama yetu Enesi, na akabatizwa Mbozi Mission mwaka huohuo. Mama alikuwa akituambia kwamba Danford tangu mdogo alikula kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameuzungusha kwenye sahani, na sahani yenyewe ilikuwa yake peke yake, hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya, lakini ndivyo alivyoumbwa, na aliyeumbwa hivyo humbadilishi kwa maneno.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akawasaidia wazazi shambani kwa muda, kisha mwaka 1983 akaenda Mbeya kusomea utunzaji wa ghala. Mwaka 1984 aliajiriwa na chama cha ushirika wa kahawa, na mwaka 1997 akahamia Tunduma, kwenye kampuni moja ya malori yaendayo Zambia na Kongo, akawa mtunza ghala la vipuri na mafuta mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2018. Waliofanya naye kazi wako hapa, wamekuja na lori zima, nao watakubali nikisema kwamba kwa marehemu kila dereva alikuwa mwizi wa dizeli, tofauti ni yupi amekwisha kukamatwa na yupi bado, na tumpe haki yake, kwa miaka yote ile ghala lake halikupotelewa hata na boliti.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Tukuswiga Kibona, binti wa Isongole, tarehe 9 Septemba 1989, na Mungu akawajalia watoto watatu, Leah aliyezaliwa mwaka 1991, Jairo mwaka 1995, na Tumaini mwaka 2001, wote mnawaona hapo mbele. Nikisema shemeji katika historia hii, ninamtaja huyo Tukuswiga, mama Leah, si mwingine.

Sasa nifike kwenye gari, maana historia ya kaka yangu bila gari itakuwa uongo, na ibadani hatusemi uongo. Mwezi Agosti 2018, kwa mafao yake ya kustaafu, marehemu alinunua Noah, ile ya kijivu iliyoegeshwa pale chini ya kibanda cha bati, akaileta nyumbani, mchungaji akaiombea, na siku hiyo akatangaza kwamba hili ni gari la familia, litatupeleka kanisani, harusini na hospitali, wala halitabeba abiria hata mmoja wa nauli. Watu wa Tunduma walimwambia kwamba Noah kulala nyumbani ni sawa na kununua jembe ukalitundika ukutani, naye akawajibu kwamba wanaoshauri hivyo ndio wanaotaka kuwa madereva wake.

Alilitunza, jamani, tuseme ukweli, alilitunza. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua boneti akatazama maji ya rejeta na oili, nailoni za viti zilizokuja na gari hazijatolewa mpaka leo, na wajukuu walikuwa wakikung'utwa miguu kama mikeka kabla ya kuingia. Vipuri alivuka mwenyewe kuvinunua Nakonde, na kwa fundi wetu Watson wa Mlowo alikuwa akikaa kwenye kigoda kuanzia boneti inafunguliwa hadi inafungwa, akibanwa na haja anamwita mtu amshikie zamu ya kutazama, na kila kipuri kipya alikuwa amekwisha kukipaka tone la rangi ya kucha za Leah ili kisibadilishwe, na kile kilichotolewa, hata kama ni bushi iliyosagika, alirudi nacho nyumbani. Watson, mwanangu, nakuona umeinama, inua uso, umeitwa mwizi miaka sita na hujawahi kulikataa lile gari.

Ufunguo wa Noah marehemu aliufungia ndani ya sanduku la bati chumbani, na ufunguo wa sanduku akauvaa shingoni. Siku za Jumamosi alipokuwa akienda vikao Vwawa alipanda bodaboda, maana alisema gari la watu wanane haliwashwi kwa ajili ya mtu mmoja, na kabla ya kuondoka aliweka punje ya buni nyuma ya gurudumu, mahali ambapo huwezi kuiona kama hukuiweka wewe.

Mwezi Aprili 2021 alirudi akakuta buni imepondeka. Jumamosi iliyofuata hivyohivyo, na safari hiyo hata kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele, karibu na usukani. Kaka yangu hakumuuliza mtu, alikaa nalo moyoni siku kadhaa, akipiga hesabu zake za ghalani, na hesabu ikamwangukia mmoja tu, yule pekee katika ukoo, ukimtoa yeye mwenyewe, mwenye leseni, yaani mimi, ninayeendesha pikapu ya kubebea kahawa.

Tarehe 15 Mei 2021 aliita kikao cha ukoo, na wengi mliokuwepo mko hapa. Alidai kwamba ninaiba gari lake ninakwenda nalo Isongole kubeba abiria na magendo, na mimi nikasimama, nikawaonyesha urefu wangu huu mnaouona, nikawauliza mtu wa miguu kama hii anaendeshaje na kiti kimevutwa mpaka magoti yanagusa kidevu. Jibu la marehemu, Mungu amrehemu, likawa kwamba nilikivuta makusudi nilipomaliza, ili asijue ni mimi, na wazee mkatikisa vichwa, mkaona lina akili. Akaapa mbele yenu kwamba mtu yeyote aliyeligusa gari lile, awe ndugu wa damu, awe mtu wa ndani ya nyumba yake, atatoka kwenye kiwanja chake na hatarudi, na kwa kuwa aliyeonekana kuwa mwizi ni mimi, nikatoka. Tarehe 6 Agosti 2022 Leah aliolewa, na mimi baba yake mdogo, niliyepaswa kusimama upande wa kulia wa kaka yangu, nilisikia ngoma za harusi nikiwa shambani kwangu, nikalia, siwafichi.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2016, mguu wa kushoto ukawa unavimba, mwaka 2020 alianguka mara mbili akapoteza fahamu, na kuanzia mwaka 2024 macho yakapungua nguvu, lakini usukani hakumwachia mtu. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025, mvua ikinyesha tangu alfajiri, alipatwa na kiharusi akiwa anafungua boneti, upande mmoja wa mwili ukalala. Jairo yuko Dodoma, Tumaini alikuwa chuoni, bodaboda zilizoitwa zilishindwa kupanda kwa utelezi, na mimi, kwa amri ya kikao, sikuwa na ruhusa ya kukanyaga pale, hata habari sikuwa nayo. Shemeji akafungua sanduku, akawasha Noah, majirani wakamsaidia kumlaza mgonjwa kiti cha nyuma, akateremka nayo ule mlima wa udongo mwekundu mpaka lami, na kutoka hapo mpaka hospitali Vwawa.

Kijiji kizima kilishangaa. Sanduku lile ni la kwake, alikuja nalo kutoka Isongole akiwa bibi harusi, na mwenye sanduku hakosi ufunguo wa pili, jambo ambalo mtunza ghala mzima hakuliwaza hata siku moja. Shemeji amenieleza kwamba marehemu njia nzima alikuwa macho, akimtazama kisogo, na hakusema lolote mpaka walipokaribia Vwawa, ndipo akamwambia kwa ulimi mzito apunguze mwendo kwenye kona.

Tarehe 13 Februari aliniita. Nilikwenda, nikamkuta amegeuzwa uso kuelekea mlangoni, akamwomba mke wake atoke kidogo, kisha akaniuliza kama nilikuwa najua ni nani aliyekuwa akilitoa gari. Nikasema ndiyo, nilijua tangu Julai ya mwaka ule wa kikao. Akanitazama kwa lile jicho lililobaki zima, halafu akaniuliza swali ambalo hata baadhi yenu hapa mnalo mdomoni tangu jana, msidhani sisikii, kwamba mwanamume anafukuzwa na ukoo, anakosa harusi ya mtoto wake, anaitwa mwizi barabarani, yote hayo kwa kumfichia siri mke wa mwenzake, sasa kati yenu kuna nini.

Nilisikia uchungu kiasi kwamba nilishika mlango nitoke. Mtu amelala nusu mfu, na bado analinda sahani. Lakini nikarudi, nikakaa, nikamweleza nilichokiona, na ninakisoma hapa kama nilivyomweleza, kwa sababu yeye alitaka kisikike.

Nilimwambia kwamba baada ya kikao nilitaka kumkamata mwizi mwenyewe nisafishe jina langu, nikajificha kwenye kahawa zake siku ya Jumamosi, asubuhi, wakati wa kuchuma. Nikamwona shemeji anatoka na Noah, mwalimu Fides jirani yetu amekaa pembeni yake akimwelekeza, mguu wa kushoto uache upumzike, wa kulia ndio ufanye kazi, nami nikajisemea kimoyomoyo, leo nimempata. Nikawafuata kwa miguu mpaka uwanja wa shule, huku nimeshafungua mdomo wa kupiga kelele. Ndipo nikaona kiti cha nyuma. Kulikuwa na gunia la mahindi limelazwa, limefunikwa blanketi, limewekewa mto mahali pa kichwa, na shemeji kila akipita kwenye bonde alisimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akalitazama lile gunia, akaliweka sawa, akarudi kwenye usukani. Wewe ulikuwa umeanguka mara mbili mwaka uliopita, nilimwambia, na gari hukumpa mtu. Alikuwa anajifunza kukubeba wewe. Ningepiga kelele angerudi Isongole kwa kiapo chako, na siku ya kukubeba ingekuja hakuna dereva, basi nikafunga mdomo, nikarudi kwangu nikiwa mwizi.

Kaka yangu akaniuliza, lile gunia, lilianguka. Nikamwambia halikuanguka. Akaniuliza tena, hata kwenye lile bonde la mfereji, nikamwambia hata pale. Machozi yakamtoka upande mmoja tu wa uso, akamwita mke wake na muuguzi, akasema ufunguo wa gari ni wa mama Leah, na historia atasoma Mika, isipunguzwe. Radhi hakuniomba, wala sikumdai, alinipa mkono uliokuwa na uhai nikaushika mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Alifariki tarehe 17 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mke wake akiwa karibu naye.

Shemeji, habari ya gunia unaisikia leo kwa mara ya kwanza, hukujua kwamba kulikuwa na mtu kwenye kahawa, nisamehe kwa kukuliza mbele za watu. Na ninyi wenye swali, jibu ndilo hilo, kati yetu kulikuwa na gunia la mahindi na uhai wa Danford, hakuna kingine, na mtu asije baada ya matanga kutaja neno la kurithi, si mjane, si gari. Yule aliyefungua boneti jana jioni akidai anaangalia betri, nimemfahamu, na betri ina rangi ya kucha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Vwawa kwa siku zote walizomhudumia, majirani mliombeba kwenye mvua ile, mwalimu Fides ambaye hatuna cha kumlipa, fundi Watson kwa lile gari kuwaka siku ilipotakiwa kuwaka, wafanyakazi wenzake wa Tunduma, kwaya, na kanisa zima. Kwa kuwa hatuwezi kumtaja kila mmoja, tunaomba mpokee asante yetu. Jeneza litatangulia, na Noah itafuata nyuma yake ikiendeshwa na mama Leah, watoto watapanda humo, na nailoni za viti wasizitoe.

Kaka Danford, pumzika kwa amani, toa mkono kwenye sahani, hakuna anayekuibia, wala hakuwepo.