Daktari Aliyeiweka Kando Picha ya Mwanawe

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imemtuma mdogo wake wa kiume awasomee safari ya maisha yake, na imemwagiza asiruke sehemu ngumu, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda habari zilizochujwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa vichwa vya treni na mshonaji wa sare za shule, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo aliitazama taa kwa muda kabla ya kulia, kana kwamba alitaka kwanza kujua inawakaje.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, ng'ambo ya njia ya reli, akamaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1980, na huko ndiko ilikokomaa tabia yake ya kutokubali jibu mpaka alione kwa macho yake, tabia iliyowachosha walimu na kutuchosha zaidi sisi wadogo zake, maana hata ukimwambia umeoga alikushika sikio akachungulia nyuma yake. Alihitimu udaktari mwaka 1987, kisha akabobea katika magonjwa ya akili na ubongo.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu aliyeketi pale mbele, mtu ambaye hajawahi kubakiza kitu kwenye sahani, wakajaliwa binti, aliyezaliwa mwaka 1990 na ambaye sasa ni mhasibu, na kijana, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1993, ambaye kwa mbio zake za tangu utotoni sote tumezoea kumwita Upepo.

Kuhusu kazi, mwaka 2006 marehemu na wenzake walianza utafiti juu ya anoreksia, ugonjwa unaomfanya mtu ajinyime chakula hadi mwili uishe huku akiogopa kunenepa, na alikuwa mkali kwa yeyote aliyeuita maringo ya wasichana, akisema kuwa maringo hayazimishi moyo wa mtu. Mgonjwa alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha ya ubongo, akaonyeshwa picha za vyakula, akadondoshewa maji ya sukari ulimini kwa mrija mwembamba, na pale walipotarajia kuona hamu, mara nyingi waliona kitu kilichofanana zaidi na woga. Utafiti huo ulichukua wasichana tu, kwa kuwa karibu wagonjwa wote walioletwa kwao walikuwa wasichana, na hakuna aliyeuliza wavulana wako wapi.

Julai 2010 kipimo kipya kilihitaji kujaribiwa kwa mtu mwenye afya, na marehemu, kwa kutotaka kusumbua watu wa nje, akamchukua Upepo, wakati huo akiwa na miaka kumi na sita. Picha zilipotoka zilifanana na za wagonjwa wake, naye akasema mashine imeharibika, fundi akaikagua na kumwambia ni nzima, lakini dada yetu aliyezoea kuamini macho yake, siku hiyo aliona na hakuamini, akaandika kwamba picha ina hitilafu na kuiweka kando.

Nyumbani, katika miezi hiyohiyo, Upepo aliwapikia wenzake na kusema yeye ameshakula, akavaa sweta mchana wa jua, akawa anaumega mkate vipande vya kumtosha kifaranga, na mama yake akajisifu kwa majirani kwamba kijana wake ana nidhamu, hakurithi ulafi wa baba yake, nasi tukacheka, mjomba huyu anayewasomea akiwa wa kwanza kucheka.

Tarehe 17 Februari 2011 Upepo alianguka kwenye ngazi za shule, moyo ukipiga polepole mno, na daktari kijana wa zamu, ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha dalili za ugonjwa huu, akamwuliza mwalimu wake kwa heshima zote kama hakuwa ameona lolote nyumbani. Dada yetu alitamani ardhi ipasuke immeze. Tulimliwaza kwamba mganga hajigangi, lakini hakuliwazika, akatujibu kuwa hakushindwa kuganga, alishindwa kutazama.

Upepo alilazwa katika hospitali nyingine hadi Juni, akirudishiwa nguvu mlo kwa mlo, na Septemba mwaka huohuo marehemu alisimama katika mkutano mkuu wa watafiti, akaionyesha ukutani ile picha aliyoiweka kando, akasema, "Picha hii haikuharibika, huyu ni mwanangu, na mimi ndiye sikutaka kuona." Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, akarudi nyumbani amepumua, lakini jambo moja alikuwa hajalifanya, hakumwomba mwanawe ruhusa.

Upepo alizisikia habari hizo kwa muuguzi aliyedhani anampongeza, hakufoka, alifungasha nguo akahamia kwa shangazi yake, akiacha neno moja tu kwa dada yake, kwamba mama alimficha kwa ajili ya jina lake na akamwanika kwa ajili ya jina hilohilo. Aibu hii ya pili ilimwuma marehemu kuliko ya kwanza, kwa sababu ilikuja na makofi. Aliwaambia wenzake wasiitumie tena picha ile, akasimamia hadi utafiti ukafunguliwa kwa wavulana mwaka 2012, na kila Jumapili akaenda kwa wifi yake kula chakula cha mchana, Upepo akichukua sahani yake na kwenda nayo jikoni, naye mama akila alichopewa, akiosha vyombo, akiaga na kurudi zake. Hakuuliza kilo, hakuuliza kama sahani imeisha. Jumapili moja ya mwaka 2013 Upepo hakwenda jikoni, alivuta kiti akakaa mezani, shangazi akajitia anatafuta chumvi ili asionekane analia.

Hatutasema kwamba Upepo amepona kama mtu aliyetoka na mafua, bado ana majuma mabaya, ila leo ni fundi umeme na ni baba, wala hatutasema kwamba aibu ya dada yetu iliisha, maana haikuisha. Alistaafu mwaka 2021, akagundulika na saratani ya kongosho Novemba 2023, akafariki nyumbani Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotufulia na kutupikia bila kuitwa, wafanyakazi wenzake wanaoendelea na utafiti, na shangazi wa watoto, ambaye meza yake ilifanya kazi ambayo mashine isingeweza. Mwisho tunamshukuru Upepo, kwa kuwa juzi, kabla ya kuandika neno lolote juu yake, mjomba wake alimpelekea habari hizi na kumwomba ruhusa, akimwambia kwamba akikataa zitaachwa na hakuna atakayemlaumu, naye akasema, "Someni yote, mjomba, ila safari hii mimi niwepo."

Yupo, ameketi mbele, karibu na mama yake.

Dada, yote yamesemwa, na aliyestahili kuulizwa ameulizwa. Pumzika kwa amani.