Mzee Jozi na Binti Aliyebaki

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alianza shule kabla ya umri wake, kwa kuwa kila asubuhi aling'ang'ania mkoba wa kaka yake akilia. Mwaka 1973 alihitimu shahada ya takwimu, akaajiriwa na taasisi ya utafiti wa lishe, ghorofa ya tatu, chumba ambacho dirisha lake halikufungika.

Hapo ndipo alipobandikwa jina la Mzee Jozi. Taasisi ilikuwa ikilinganisha maziwa ya aina mbili kwa watoto pacha: mmoja alipewa haya, mwenzake yale, kisha wastani wa uzito wao ukalinganishwa. Lakini baadhi ya pacha walifiwa na wenzao, na wengine walihama, akabaki wa kupimwa mmoja tu. Daktari mkuu akasema, "Asiye na mwenzake, tupa kule." Marehemu akakataa katakata. Alipima tofauti ndani ya jozi kamili, akalinganisha pia waliobaki peke yao wa kila aina ya maziwa, kisha akayaunganisha majibu yote mawili, kila moja kwa kadiri linavyoaminika.

"Aliyebaki peke yake naye ana lake la kusema," aliwaambia wanafunzi miaka yote. "Ukimtupa, umejidanganya."

Mwaka 1976 alimwoa mkutubi wa taasisi. Tarehe 14 Agosti 1979 walijaliwa mabinti pacha, Kurwa na Doto, shilingi kwa ya pili. Kurwa ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la baba. Alijifunza hesabu akiwa amepakatwa. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ikamchukua.

Matanga hayajaisha, marehemu alimwambia mkewe mezani, Doto akiwa na kijiko mkononi, "Mtoe huyu mbele yangu. Nikimtazama namwona asiyekuwepo."

Doto akapelekwa kwa shangazi yake. Mlangoni mama alimnong'oneza, "Vumilia, mwanangu. Baba yako ana uchungu."

"Na mimi je, mama? Mimi sikufiwa?"

Harusi ya Doto baba hakuhudhuria. Alikuwa na mkutano. Siku ya kumuaga kazini, mwaka 2008, mgeni mmoja alimuuliza ana watoto wangapi. Akajibu, "Nilikuwa na pacha. Waliisha." Doto alikuwa palepale, akimmiminia chai. Alikijaza kikombe kizima, asimwage hata tone.

Mwaka 2015 kisukari kilimpofusha, kikahamia kwenye figo. Mkewe magoti hayakumruhusu tena, kwa hiyo aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani ni Doto. Hakuwahi kumwambia ahsante.

Alifariki nyumbani, alasiri ya tarehe 11 Juni 2019. Muda mfupi kabla, alisikia sauti ya bintiye, uso ukamchangamka.

"Kurwa?"

Doto alimwinamia. Kisha akaitika, "Abee, baba."

"Nilijua tu. Waliyemzika ni yule mwingine."

"Ndiyo, baba," alijibu, akimvutia shuka hadi kifuani. "Ni yule mwingine."

Akatabasamu, akakata roho.

Marehemu ameacha mjane, dada mmoja, binti mmoja, na wajukuu wawili ambao hakuomba kuwaona. Yeye amepata pumziko lake. Mola amjalie na Doto lake, angali hai.