Taa Nyekundu Nyumbani kwa Gospava

Kijiwe chetu ni benchi lililoegemea ukuta wa nyumba ya Gospava, nyumba ya mwisho kabla nyanda za mlima Sinjajevina hazijabaki majani na mawe matupu. Kiangazi sisi wazee hulikalia benchi hilo. Ikifika Oktoba huhamia ndani, kando ya jiko la kuni. Leo ni Oktoba nasi tuko nje, makoti yamefungwa hadi kidevuni, kwa kuwa mwenye nyumba ametufukuza. Mkaza mwanawe, Ksenija, yuko njiani kutoka Podgorica na mjukuu ambaye bibi hajawahi kumshika, mtoto wa kifua dhaifu. Sharti la Ksenija ni moja: kidude cha kupimia hewa, alichokituma kwa posta, kiwake kijani. Kikiwaka chekundu, gari linageuka. Na theluji ikishaifunga barabara, bibi na mjukuu wataonana masika. Kidude kiko juu ya kabati, chekundu kama pilipili.

— Ni sigara yako, Tanuri — akasema Hakimu, tuliyempa jina hilo kwa kuwa ameshindwa kesi zote alizofungua.

— Sigara yangu? — Tanuri akautoa moshi kwa pua, kama kawaida yake. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni mimi: nimeanza kuvuta kabla hicho kidude hakijaundwa.

— Basi ni soksi zako. Jana umezianika juu ya jiko mpaka paka kahama.

— Soksi ni sufi na maji tu, bwana wee. Vitunguu je? Shemeji Gospava alivikaanga kwa mafuta ya nguruwe, tukalia kama tumefiwa.

Mlango ukafunguka kidogo. Gospava akachomoza uso, ufagio mkononi.

— Mlilia huku mkilamba sahani! Nimeacha kukaanga. Jiko nimelizima. Umebaki mshumaa wa Mtakatifu Petka, na huo siuzimi. Tangu alfajiri nafagia, na kila nikifagia, kinazidi kupiga kelele!

Akaubamiza mlango haraka, upepo usimfuate.

— Mmesikia? — akasema Hakimu. — Usafi ndio unaokiudhi. Kitu cha mjini hicho.

— Afagie polepole. Haraka haraka haina baraka.

— Labda ni vumbi analolitimua — nikasema mimi, nikimimina kahawa kutoka kwenye mdila.

— Vumbi? — Tanuri akanicheka. — Vumbi nalala nalo, naamka nalo, na halijawahi kunililia pii-pii. Sikilizeni niwaambie. Kile si cha hewa. Kile kinanusa uongo.

— We mzee umechanganyikiwa.

— Nichanganyikiwe nini? Watu wa mjini wataihangaikia hewa kweli? Ngoja muone.

Akausukuma mlango kidogo, akaupachika mdomo wake kwenye upenyo, akakipazia sauti kile kidude:

— Nimeacha sigara!

Pii-pii-pii! Moshi wa kinywani mwake ulikuwa bado unaelea chumbani.

— Haya! — akarudi akitamba. — Mwamuzi ndiye yule!

Hakimu akainuka, akajipangusa koti, akaingia ndani akipigapiga buti sakafuni mithili ya wakili mbele ya baraza. Vumbi likamfuata hadi kiunoni.

— Konde la mtoni — akatangaza — ni la babu yangu, na la baba yangu, na langu!

Pii-pii-pii-pii!

Tanuri nusura aanguke benchini.

— Hata mashine inaijua hukumu! Umeshindwa tena, Hakimu, na safari hii bila gharama ya wakili!

— Tokeni! — Gospava akapiga ukelele. — Yule mtoto akirudi mjini bila kuniona, nitawazika wote chini ya benchi hilo!

Sauti yake ilikatika mwishoni, nasi tukaacha kucheka. Nikanong'ona:

— Kwani tukifungua dirisha itakuwaje?

Wakanitazama kama nimetukana kaburi.

— Promaja! — akasema Hakimu, na hilo ndilo jina letu la upepo muuaji, ule upitao kati ya tundu na tundu. — Marehemu Blagota, mume wa huyu mama, alikufa kwa nini? Daktari aliandika moyo. Moyo! Alikaa na jasho lake baina ya mlango na dirisha.

— Madirisha yale tumeyaziba kwa mikono yetu — akasema Tanuri. — Sufi na matambara, tundu hata la sindano hakuna. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hapo gari likapanda, likasimama uani. Ksenija akashuka, akaiacha injini ikinguruma na mtoto garini. Hakutusalimu. Aliweka paji la uso kwenye kioo cha dirisha, akaiona taa.

— Mama, nilikuomba kitu kimoja tu.

— Nimezima kila kitu, mwanangu — akasema Gospava, aliyetoka na ufagio hadi kizingitini. — Hata hawa nimewatoa.

— Na madirisha?

Tanuri akamweleza kwa heshima habari za promaja, za tambara na za marehemu. Akiwa katikati ya maneno, upepo ukainyakua kofia ya Hakimu na kuibiringisha mpaka zizini. Kikombe changu kikaifuata.

— Wazee wangu — akauliza Ksenija — upepo wa dirishani unaua. Na huu mliokalia tangu asubuhi, mbona haujawaua?

Hakimu akaifuata kofia zizini, akarudi nayo. Tanuri akaikinga sigara yake kwa koti. Mimi nikautikisa mdila: machicha matupu.

Gospava hakungoja tujibu. Aliuangusha ufagio, akaingia, akachukua kisu cha jibini. Tukasikia matambara yakichanwa, upande huu, kisha upande ule.

— Shemeji, funga shingo kwanza! — Hakimu akapaza sauti.

Madirisha yakafunguka mawili kwa pamoja. Pazia likaruka juu ya vichwa vyetu, na mshumaa wa Mtakatifu Petka ukazimika wenyewe. Ksenija alisimama kiambazani, macho kwenye kabati. Taa ilikuwa nyekundu, ikaendelea kuwa nyekundu, kisha ikawa ya manjano. Alipoona kijani, alikwenda garini, akazima injini, akampeleka mtoto ndani.

Tanuri akasimama, akisugua viganja.

— Hewa imetakata. Haya jamani, tuingie tuwashe jiko.

Gospava akatokea dirishani, nywele zikipepea, mjukuu kifuani amefungwa ngozi ya kondoo.

— Muingie na moshi, na soksi, na konde la mtoni? Kaeni papo hapo! Kwani kuna aliyekufa?