Mama Aliyevimba Kwenye Skrini

Benchi lililo nje ya duka la Chapa, mzee wa kuchapa barua na kutoa kopi, halijawahi kukosa wataalamu. Asubuhi hiyo walikuwa wawili, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa: Diwani, aliyegombea mara mbili na kuangushwa zote mbili, na Brashi, fundi rangi wa nyumba anayejihesabu msanii. Wote walikuwa wakiikodolea macho kompyuta ya Chapa kupitia dirisha. Binti wa Chapa anayesoma mbali alikuwa amemchora mama yake akishona. Alimchora kwenye simu, kwa kidole, akamtumia baba picha aiweke kwenye uso wa kompyuta. "Niambie ukweli, baba," aliandika. "Ukisema sijui kuchora, naacha." Chapa akaiweka. Mkewe akatokea mnene, mashavu yametanuka, ukungu mwili mzima.

— Tusidanganyane, Chapa, alisema Brashi. Huyu mtoto hana mkono.

— Mbona kwenye simu ilikuwa safi?

— Simu inaficha. Kitu kidogo hakina aibu.

Diwani alipuliza kahawa yake taratibu, kama mtu anayesubiriwa na umati.

— Si mkono, ni rangi. Rangi za kompyuta hazina mafuta. Zinakauka, picha inachakaa.

— Rangi gani ikauke ndani ya kioo, ndugu yangu? alidakia Brashi.

— Sasa unadhani ile mashine inapata joto la nini? Inakausha.

Brashi hakuwa tayari kupitwa na mtu aliyeshindwa hata na kura.

— Basi joto lenyewe ndilo linalomvimbisha shemeji. Kioo kikipata moto kinatanuka, na aliye ndani anatanuka nacho.

— Kama ni joto, mtoto kosa lake nini? aliuliza Chapa.

— Kosa lake hakupiga hesabu. Msanii wa kweli angemchora mama yake amekonda.

Kati ya hao wawili hakuna aliyewahi kushika hata kipanya. Lakini Chapa, anayekula kwa kusahihisha barua za wenzake, aliyameza maneno yao mazima mazima.

— Mwambie mapema, alisema Diwani. Mtoto akidekezwa ataumbuka ukubwani.

Chapa akaandika: "Mwanangu, kuchora si fani yako. Shika masomo." Akatuma kabla kahawa haijapoa. Wataalamu wakatikisa vichwa, wameridhika na kazi yao.

Mkewe alifika muda si mrefu, fundi cherehani, pini bado zimechomekwa kwenye kola. Alisogea dirishani, akaitazama picha.

— Na hiyo saa pale chini pembeni, mbona nayo imevimba? Nayo kaichora mtoto?

Kweli, saa ilikuwa imevimba. Majina ya mafaili yalikuwa yamevimba. Chapa aliingia ndani, akafungua mipangilio ya skrini. Ukubwa uliowekwa ulikuwa wa ile skrini ya zamani, ya mraba. Hii mpya ni pana, na kompyuta ilikuwa ikivuta kila kitu kijae. Akachagua ukubwa uliopendekezwa. Skrini ikawa nyeusi, ikarudi. Mkewe akawa mkewe: kovu dogo juu ya nyusi, uzi katikati ya midomo, hata tundu la sindano lilionekana.

— Si nilisema ni mashine, alisema Diwani.

Simu ya Chapa ikatoa mlio, naye akasoma kwa sauti kabla hajajizuia.

— "Asante kwa ukweli, baba. Nimefuta michoro yangu yote. Nitashika masomo."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mkewe hakumtazama. Aligeukia benchi.

— Haya, wataalamu. Nani kati yenu anampigia mwanangu?

Brashi akachungulia ndani ya kikombe chake, kumbe kilikuwa kitupu. Diwani akakumbuka kuna mtu anamsubiri. Chapa akainyoosha ile simu dirishani, na hakuna mkono uliotoka kwenye benchi kuipokea.