Uyoga Chini ya Mparachichi

Kijiwe chetu ni benchi moja lililoegemezwa kwenye ukuta wa uani kwangu, lenye miguu minne ambayo haijawahi kukubaliana. Muuza kahawa hupanga vikombe juu ya kreti la soda na kuanza kumimina kabla watu hawajanawa nyuso. Wenyeji ni watatu: Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakubali jambo liishe, Wembe, kinyozi wa kibanda cha pili, na Msumari, seremala wa ng'ambo ya barabara. Mimi ni wa nne. Wananiita Digrii, na si kwa heshima. Nilianza kuketi nao mwaka jana, mke wangu alipofariki, kwa kuwa kuwasha jiko kwa ajili ya kikombe kimoja niliona ni upuuzi. Asubuhi moja niliwaambia kwamba uyoga umeuzunguka mparachichi alioupanda yeye, na kwamba binti yetu anataka niukate kabla mizizi haijaoza ukaiangukia nyumba. Kwa kweli nilitaka mtu mmoja tu aniambie nisiukate.

— Uyoga haumei mahali safi, alianza Rufaa. Shimo lako la choo limepasuka, Digrii. Wewe unaita uyoga, mimi naita taarifa.

— Shimo liko upande wa pili wa nyumba.

— Linatembea.

— Shimo?

— Maji yake. Usinishike maneno, mimi nimekaa mahakamani.

— Ulikaa ukipanga mafaili, mzee, alisema Wembe. Hili jambo ni la radi. Radi ikiingia ardhini haitoki. Inajikunyata huko chini, mvua ikinyesha inachungulia. Huo uyoga ndio kuchungulia kwenyewe.

— Na lini radi imepiga uani kwangu?

— Utajuaje, na unalala mapema kama kuku?

Niliwaeleza kwa kifupi ninachokijua. Uyoga tunaouona ni tunda tu. Wenyewe uko chini, nyuzi nyembamba zinazokula mbao zilizokufa. Kuung'oa hakuumalizi. La kujua ni kama unakula mizizi ya mparachichi au kitu kingine. Nilikuwa nimelidunga shina kwa bisibisi pande zote, nikalikuta gumu. Mizizi ndiyo sikuwa nimeiona, na hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa.

— Umesikia? Wembe alimgeukia Msumari. Chuo kikuu miaka yote ile, jibu lake bisibisi.

— Mti uliochoka unatoa jasho, alisema Msumari. Hilo ni jasho. Mimi naishi na mbao, naijua mbao iliyokata tamaa. Tena mnausahau mnara wa simu. Mawimbi yanayokosa simu ya kuingia yanaenda wapi? Yanadondoka. Yakidondoka kwenye tope, yanaota.

— Yanaota uyoga?

— Ulitaka yaote mihogo?

Muuza kahawa alicheka peke yake. Msumari aliona ameungwa mkono, akaendelea.

— Dawa ni maji ya betri. Mwaga kwenye shina, jioni unakuta pamekauka.

— Yataua mti, nilisema.

— Basi si tatizo limeisha?

— Kivuli cha benchi hili kinatoka kwenye mti huo.

Wote watatu walitazama juu, kama watu walioonyeshwa dari kwa mara ya kwanza.

— Tutahamia kwa Wembe, alisema Msumari.

— Kwangu hakuna nafasi. Kuna wateja.

— Tangu lini?

Wembe alilimeza hilo pamoja na kahawa, kisha akanigeukia kwa sauti ya chini zaidi.

— Ndugu yangu, tuambiane ukweli. Unaung'ang'ania mti kwa sababu ya marehemu. Tunamheshimu. Lakini mti si mtu. Nimeshamwita shemeji yangu aje na msumeno wa mashine.

— Nani kakutuma?

— Ungejituma lini wewe? Kila siku unautazama kama unasubiri ukuamkie.

Alikuwa amesema kweli, na kwa benchi lile hilo lilikuwa jambo geni.

Shemeji mwenyewe alifika kabla vikombe havijapoa, kijana mpana, mgeni mtaani kwetu, msumeno begani. Alisalimia, akakataa kahawa, akaingia uani. Tulimfuata na vikombe vyetu mkononi. Aliuzunguka mti, akachuchumaa, akafukua udongo kwa vidole. Ukafunguka kirahisi. Chini yake palikuwa na tabaka jeusi la maranda ya mbao, yaliyojikunja na kulowa, yameshonwa kwa nyuzi nyeupe. Akafukua zaidi mpaka akaufikia mzizi, akaugonga kwa mpini wa kisu. Ulikuwa mzima.

— Mti huu hauna ugonjwa, alisema. Uyoga unakula haya maranda. Yametandazwa uwanja mzima, mpaka mlangoni. Nani alimwaga maranda yote haya, na ya nini?

Msumari alitazama ndani ya kikombe chake. Maranda yalikuwa yake. Siku ya pili ya msiba mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope. Yeye na Wembe waliyabeba kwa magunia kutoka karakana, Rufaa akiwaonyesha pa kumwaga, ili mikeka ya waliokuja kunipa pole isizame. Walikaa juu yake na mimi mpaka watu wote walipoondoka. Baadaye hakuna aliyeyazoa. Mvua na miguu viliyashindilia, nasi tukayasahau, hata mimi niliyekuwa nikieleza habari za nyuzi.

— Nimeuliza vibaya? Shemeji alimnong'oneza Wembe.

— Beba msumeno wako, tutaongea nje.

Msumari alichukua koleo lililokuwa ukutani, akaanza kukwangua haraka haraka, bila kumtazama mtu.

— Acha, nilimwambia.

— Nikiyatoa haya, Digrii, uyoga hutauona tena.

— Najua. Acha uyoga uyamalize wenyewe.

Aliliweka koleo chini taratibu, kama mtu aliye karibu na aliyelala.